Mbao ya ghala ina miaka 80, meza ina miezi minne, tayari ufa. Nani alisema mbao kuukuu haichezi?

#1 Kisiki Mkavu (mleta uzi)
Wakuu salaam.

Nilipata mbao za ukuta wa ghala la zamani lililokuwa linavunjwa. Wenyewe wanasema babu yao ndiye aliyelijenga, kwa hiyo hapo tunazungumzia miaka 80 na ushee. Unene sentimita 4, nzito, nje zimekuwa kijivu, ukipitisha randa mara mbili unakutana na hudhurungi iliyoiva mpaka unatamani kuilamba. Nimeng'oa misumari jioni tatu. Nikaranda, nikaunga sita kwa gundi, nikapata uso wa meza wa mita 2.1 kwa sentimita 95. Miguu ni fremu ya chuma. Mteja alifurahi, mimi nikafurahi zaidi.

Miezi minne baadaye ananitumia picha. Ufa. Kichwani una milimita 4 hivi, umeingia ndani kama sentimita 60 ndipo ukafifia. Na haujapita kwenye maungio ya gundi, umepita katikati ya ubao mmoja.

Mimi nilifundishwa kwamba mbao mbichi ndiyo inayopasuka. Hii ilikauka kabla baba yangu hajazaliwa. Imekuwaje?

#2 Mama Msasa
Nimeshavuta kigoda. Endeleeni.

#3 Tezo la Babu
Kisiki, kosa liko kwenye neno "ilikauka". Mbao haikauki ikamaliza kazi kama matofali yaliyochomwa. Inakunywa na kutema unyevu wa hewa siku zote za maisha yake, hata ikiwa na miaka 300. Ghala lina matundu, upepo unapita, mvua inapiga ukuta, kwa hiyo mbao imezoea unyevu wa asilimia 13 mpaka 15 hivi. Ukaileta sebuleni penye kiyoyozi au hita, hewa kavu, inashuka mpaka 8 au chini yake. Huko kushuka ndiko kusinyaa.

Tena haisinyai urefu, inasinyaa upana. Ubao uliopasuliwa bapa, yaani kwa kufuata mzunguko wa pete za mti, husinyaa karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini. Chukua mbao ambayo kutoka ubichi mpaka ukavu kabisa hupungua asilimia 8 kwa upana. Huo upungufu unatokea kuanzia unyevu wa asilimia 30 kuteremka, kwa hiyo kila alama moja ya unyevu (asilimia 30 kwenda 29, kwa mfano) ni kama asilimia 0.27 ya upana. Ukishuka alama 6, kwenye sentimita 95 unapoteza milimita 15. Hata ukipunguza nusu kwa sababu baadhi ya mbao zako zimepasuliwa vingine, bado ni 7. Hizo milimita zilikuwa zitoke wapi?

#4 Parafujo
Mzee Tezo heshima yako, ila hesabu inajikataa yenyewe. Umesema 7 mpaka 15, ufa una 4. Hizo nyingine zimekwenda wapi, likizo?

#5 Tezo la Babu
Zimekwenda kwenye upana, Parafujo. Meza imesinyaa na kupasuka. Kisiki akapime leo, kama bado ni 95 kamili nitavua kofia.

#6 Chuma na Ubao
Kabla hatujafika mbali, mleta uzi, uso wa meza uliufungaje kwenye hiyo fremu?

#7 Kisiki Mkavu
Skrubu 14, saba kila upande. Matundu niliyatoboa kwenye chuma kwa saizi ya skrubu yenyewe ili pasiwe na kucheza. Nilikaza kwelikweli.

#8 Chuma na Ubao
Ndio hapo.

#9 Bi Patasi
Jamani skrubu 14 matundu ya kubana 😂 Kisiki umemfunga ng'ombe kamba miguu yote minne halafu unashangaa kwa nini anapiga mateke.

#10 Chuma na Ubao
Niseme kwa wanaopita hapa siku nyingine. Chuma hakisinyai kwa unyevu, ubao unasinyaa. Ukivifunga pamoja bila nafasi, kimoja lazima kiachie, na anayeachia ni ubao. Dawa yake ni matundu marefu, yaani mfereji unaokwenda na upana wa meza, skrubu ikae na washa pana (kile kisahani cha chuma chenye tundu), usikaze mpaka mwisho. Ya katikati unaweza kuifunga imara, za pembeni ziache ziteleze. Kwa fremu za mbao kuna vile vitufe vinavyoingia kwenye mtaro wa ndani. Seremala wa karne zilizopita walikuwa wanafanya hivyo bila kipima unyevu.

Kwangu swali limeisha, wala halihusiani na mbao kuwa kuukuu.

#11 Gogo Linalozama
Halijaisha. Mimi nina meza mbili za mbao mpya zilizokaushwa tanuruni, nimezifunga hivyohivyo kwa kubana kama Kisiki, mwaka wa tano huu na hazina ufa. Nielezee na hilo.

#12 Chuma na Ubao
Zilikaushwa mpaka 8, zikaingia kwenye nyumba ya 8. Hazikuwa na safari. Zihamishie mahali pakavu zaidi uone.

#13 Gogo Linalozama
Basi umekubali kwamba tatizo ni unyevu wa kuanzia, skrubu zimesaidia tu. Tezo 1, Chuma 0.

#14 Bungua Mstaafu
Naona mnashindana mabao. Mimi nina maoni tofauti kabisa. Nimefanya kazi ya kuvunja maghala na mabanda kwa miaka, na kitu kimoja ninachokiona ni kwamba mbao za ukutani huwa na safu ya matundu ya misumari yaliyokaa kwenye mstari mmoja, pale zilipopigwa kwenye nguzo. Mstari ule unakata upana, sawa, lakini ukiangalia kila tundu lina kaufa kadogo mbele na nyuma yake, kanafuata nyuzi. Misumari ya zamani yenye mwili wa kona ilikuwa inakata nyuzi, ile ya waya inazisukuma pembeni. Kwa vyovyote, kaufa kapo, kamejaa vumbi la miaka 80, ukipiga msasa vumbi linaziba na wewe unaona ubao mzima.

Kisiki, tuambie: ufa wako umeanzia kwenye tundu la msumari au la?

#15 Kisiki Mkavu
Mkuu umenishtua. Nimekuza picha ya mteja. Kama sentimita 20 kutoka kichwani kuna tundu jeusi, na ufa umepita katikati yake kama uzi kwenye sindano.

#16 Bungua Mstaafu
Sina la kuongeza.

#17 Parafujo
Unalo. Ufa umepita kwenye tundu, haukuanzia kwenye tundu. Kasema kichwani ndiko kwenye milimita 4, huko ndiko ulikoanzia. Kichwa cha ubao hutema unyevu haraka kuliko tumbo kwa sababu mirija yote imefunguka pale. Ndio maana wapasuaji hupaka nta au rangi kwenye vichwa vya magogo. Kisiki, vichwa ulivipaka vanishi?

#18 Kisiki Mkavu
Juu nilipaka mikono mitatu. Vichwani mmoja. Chini… chini hakuonekani jamani.

#19 Bi Patasi
"Chini hakuonekani." Hii niandikieni kwenye kaburi la meza.

#20 Mama Msasa
Sasa nami niingie. Kupaka juu tu bila chini ndiko kulikoua meza yangu ya kwanza. Chini ilikuwa inatema unyevu, juu imezibwa, ikajikunja mpaka vikombe vikawa vinateleza.

#21 Tezo la Babu
Dada, umesema mwenyewe: ilijikunja. Kupaka upande mmoja kunaleta mkunjo. Ya Kisiki imepasuka. Na vanishi haizuii unyevu kabisa, inauchelewesha tu. Ukipaka pande zote meza itasinyaa vilevile ila polepole na kwa usawa.

#22 Mama Msasa
Ingejikunja kama isingekuwa na skrubu 14 zinazoishikilia. Ikataka kujikunja, ikashindwa, ikapasuka. Hapo unasemaje mzee?

#23 Tezo la Babu
Hapo nasema ngoja nifikirie.

#24 Nyundo Kimya
Naomba kutoka nje ya mada kidogo. Kisiki hizo mbao ni za mti gani? Kila mtu anapiga hesabu ya asilimia 8 kana kwamba mti unajulikana. Msaji hauwi hivyo, uko karibu asilimia 6 kwa bapa na 2.5 kuelekea kiini. Mwaloni mwekundu ni 8.6 na 4. Tofauti ni kubwa.

#25 Kisiki Mkavu
Sijui mti. Wenyewe wanasema "mti wa zamani". Unanukia kidogo kama ngozi ukiukata, na kila msumari ulikuwa umezungukwa na doa jeusi la buluu.

#26 Nyundo Kimya
Doa jeusi linaonyesha mbao yenye tanini nyingi, ile dutu chungu iliyomo hata kwenye chai. Chuma na tanini vikikutana na unyevu vinatengeneza weusi uleule wa wino wa kale. Mwaloni hufanya hivyo, lakini si peke yake. Kata kipande, lainisha kichwa kwa wembe mkali, weka picha ya karibu hapa. Tukiona matundu makubwa yamejipanga mwanzoni mwa kila pete na mistari minene ya miale, tutasema.

#27 Shoka Butu
Mbao ya zamani ni bora tu kwa sababu miti ilikua polepole, pete zimebanana. Za siku hizi ni sponji. Kwa hiyo mti wowote utakaokuwa, hauwezi kupasuka kirahisi, lazima kuna kosa la fundi. Samahani Kisiki.

#28 Nyundo Kimya
Hilo linasemwa sana na ni kweli nusu. Kwa msonobari na jamii yake, pete zilizobanana kwa kawaida humaanisha mbao nzito na imara zaidi. Kwa mwaloni au mti wowote wenye matundu makubwa mwanzoni mwa pete, ni kinyume: ukikua polepole, sehemu kubwa ya kila pete inakuwa ni hayo matundu, mbao inakuwa nyepesi na dhaifu. Kubanana kwa pete peke yake hakukuambii kitu mpaka ujue mti.

#29 Shoka Butu
Sikujua hilo. Lakini kosa la fundi bado lipo 😀

#30 Chuma na Ubao
Hapo tuko pamoja.

#31 Boriti ya Saba
Kwa kuwa mmegusa kutambua mti: kuna mti mmoja ambao mbao zake ukizitaka leo, mahali pa kuzitafuta ni kwenye mabanda ya zamani. Chestnut wa Marekani, mti mkubwa wa njugu. Kuvu linaloua miti hiyo liligunduliwa New York mwaka 1904, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, na ndani ya nusu karne miti inayokadiriwa kufikia bilioni 4 ilikuwa imekufa. Mingi ilisimama imekauka, wadudu wakaitoboa, ikakatwa hivyohivyo. Leo zile mbao zenye matundu ya wadudu ndizo zinazogombaniwa na watengeneza samani. Yaani dosari imekuwa pambo.

Sisemi za Kisiki ni hizo. Ila nimeona mtu akikata boriti za namna hiyo kuwa kuni, nikalia ndani ya gari.

#32 Bi Patasi
Wadudu mmewataja nyie, si mimi. Kisiki, chini ya meza kuna unga?

#33 Kisiki Mkavu
Usinitishe dada. Sijaangalia. Mbao chache zilikuwa na vitundu kama ncha ya kalamu, lakini si pale penye ufa.

#34 Bungua Mstaafu
Nimeitwa kwa jina. Tundu la milimita 1 au 2 ni mlango wa kutokea, mdudu ameshaondoka, labda miaka 50 iliyopita. Angalia rangi ya ndani: ikiwa nyeusi au imejaa vumbi la zamani, ni kaburi. Ikiwa nyeupe safi kama mbao mpya, kuna mtu nyumbani. Tandika karatasi nyeusi chini ya meza wiki mbili. Unga laini kama poda ya mtoto ni wa wale wanaokula nje ya kiini kwenye miti ya majani mapana, wanatafuta wanga. Mbao ya miaka 80 wanga wake umepungua sana, huwa hawaifuati. Unga wenye chembechembe ni wa wengine, hao wanaipenda hata mbao kuukuu, hasa ikiwa na unyevu. Na buu wake anaweza kukaa ndani miaka kadhaa kabla hajatoka, kwa hiyo usijipongeze mapema.

Mimi siingizi mbao ya banda nyumbani bila kuipitisha tanuruni. Kanuni ya kimataifa ya mbao za vifungashio, ile ISPM 15, inataka kitovu cha mbao kifike nyuzijoto 56 kwa dakika 30 mfululizo. Kitovu, siyo hewa ya tanuru. Ubao wa sentimita 4 ukiutoa baada ya dakika 30 za saa ya ukutani umejidanganya.

#35 Gogo Linalozama
Chumvi ya boroni je? Inapuliziwa tu.

#36 Bungua Mstaafu
Inafanya kazi kwenye mbao tupu, inaingia na maji. Juu ya vanishi itakaa juu kama mgeni aliyekosa kiti.

#37 Randa Mpya
Wakuu mimi mgeni hapa. Nina mbao za banda zenye rangi nyekundu ya zamani, nataka kuifanya kitanda cha mtoto, nibaki na rangi yake maana inavutia. Nipige msasa kidogo tu juu?

#38 Mama Msasa
HAPANA. Weka msasa chini.

#39 Nyundo Kimya
Randa karibu, na Mama Msasa hajakukaripia bure. Mabanda mengi mekundu ya zamani yalipakwa kutu ya chuma iliyochanganywa na mafuta ya kitani, hiyo haina shida kubwa. Lakini kwa macho huwezi kuitofautisha na rangi yenye risasi (madini ya lead, yenye sumu). Marekani walipiga marufuku rangi ya risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, kwa hiyo chochote cha kabla ya hapo kichukulie kuwa inayo mpaka ipimwe. Vipimo vya kupaka vipo, vya maabara ni bora zaidi. Ukipiga msasa unaigeuza vumbi, na vumbi la risasi kwa ubongo wa mtoto hakuna kiwango salama kinachojulikana. Mtoto naye hutafuna ukingo wa kitanda.

Mtengenezee kitanda kwa mbao nyingine. Hizo fanya fremu ya picha, ziweke ukutani juu, zifunike kwa vanishi.

#40 Randa Mpya
Asanteni. Nimeiacha nje kabisa.

#41 Shoka Butu
Na zile zilizokaa chini kwenye zizi miaka yote, zimelowa mkojo wa ng'ombe? Harufu inaisha?

#42 Boriti ya Saba
Ukiranda milimita 3 inapungua, ukipaka shelaki inanyamaza, siku ya joto inarudi kukusalimia. Za sakafu ya zizi mimi naziacha.

#43 Parafujo
Kuhusu ule ukijivu, wengi wanadhani ubao wote umebadilika. Jua linavunja lignini, ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mbao, juu juu, mvua inaosha, nyuzi za selulosi zinabaki zikiwa kijivu. Msonobari uliosimama wima juani hupoteza kama milimita 6 kwa miaka 100, basi. Ndio maana Kisiki aliranda mara mbili tu akakuta hudhurungi. Mteja akitaka kijivu usimpe mashine ya randa, mpe brashi.

#44 Bi Patasi
Au mpe siki. Sufu ya chuma kwenye siki siku kadhaa, paka chai nzito kwanza kama mbao haina tanini, kisha paka ile siki. Dakika chache ubao wa juzi unakuwa na umri wa babu. Nimeuza… nimeona watu wakiuza hivyo.

#45 Gogo Linalozama
"Nimeona watu." Tumekusikia Bi Patasi.

#46 Boriti ya Saba
Ndio maana mimi naangalia alama za msumeno. Mikwaruzo iliyopinda ni ya msumeno wa duara, iliyonyooka ikisimama sambamba ni ya msumeno wa kupanda na kushuka wa zamani zaidi, na makovu ya shoka au tezo hayafanani hata mawili. Siki haiwezi kuiga hayo.

#47 Bi Patasi
Hujaniona na tezo.

#48 Kisiki Mkavu (mleta uzi)
Wakuu nimerudi, nilikwenda kwa mteja. Ripoti:

Upana wa meza kichwani penye ufa ni sentimita 94.8 nikihesabu na ufa. Kichwa kingine 94.6. Mzee Tezo, sijui nivue kofia yako au yangu.

Unga chini: hakuna. Karatasi nyeusi nimeiacha.

Kuna vipande viwili vya mbao zilezile, kimoja kilibaki kwenye kibanda changu cha nje, kingine nilikuwa nimekiweka kuzuia mlango ndani. Nimevipima kama nilivyosoma: unapima uzito, unaweka kwenye oveni nyuzi 103, unapima mpaka uzito usishuke tena. Cha nje kimetoka gramu 86 hadi 75.5. Cha ndani 92 hadi 84.8.

#49 Nyundo Kimya
Tofauti gawa kwa uzito mkavu. Cha nje: 10.5 kwa 75.5 ni karibu asilimia 13.9. Cha ndani: 7.2 kwa 84.8 ni 8.5. Alama 5 na kidogo. Safi sana Kisiki, wengi wanachoma sindano za kipima unyevu cha umeme kwenye mbao ya zizi yenye chumvi ya mkojo na kupata namba ya uongo, maana chumvi inapitisha umeme.

#50 Tezo la Babu
Kutoka 13.9 mpaka 8.5. Nilisema nini kwenye #3? Kofia inabaki kichwani.

#51 Parafujo
Haraka ya nini mzee. Kipande cha nje kimekaa nje miezi minne ya mvua au jua tusilolijua. Kinatuambia unyevu wa kibanda cha leo, hakituambii mbao ilikuwa na unyevu gani siku Kisiki anaiunga. Halafu upana umepungua milimita 4 tu kichwa kimoja, ulitabiri 7 mpaka 15.

#52 Tezo la Babu
Chini ya alama sita, mti wa kupungua kidogo, skrubu zinaishikilia. Inatosha.

#53 Mama Msasa
Yaani kila namba ikija inakuwa upande wa mzee.

#54 Gogo Linalozama
Niongeze kuni. Mbao ya umri mkubwa sana sehemu ya hemiselulosi yake, yaani ile sehemu ya mbao inayopenda maji, huwa imevunjika, inakunywa maji kidogo kuliko mpya. Kwa hiyo aliyemwambia Kisiki mbao kuukuu haichezi hakudanganya kabisa, alitia chumvi.

#55 Chuma na Ubao
Miaka 80 hiyo athari ni ndogo. Kisiki, ulifungua skrubu?

#56 Kisiki Mkavu
Nilianza na za upande wa ufa. Ya tatu ilipotoka meza ikalia "tak!", mteja akaruka. Ufa ukashuka kutoka 4 hadi kama 2.5. Zilizobaki nimezilegeza, matundu ya fremu nitayarefusha Jumamosi.

#57 Chuma na Ubao
Asanteni kwa kunisikiliza.

#58 Mama Msasa
Na 2.5 zilizobaki ni za nani? Za upande usiopakwa vanishi, andika jina langu.

#59 Shoka Butu
Kisiki, ufa utauziba na nini? Mimi ningemwaga epoksi nyeusi.

#60 Boriti ya Saba
Usizibe kabla haijapita mwaka mzima, kiangazi na masika. Ukijaza sasa, meza ikivimba msimu wa mvua ule ujazo hautabanika, itapasuka pembeni yake. Weka vipepeo viwili, yaani vipande vya mbao ngumu vyenye umbo la kipepeo, vinavyokatiza ufa, acha uwazi ulivyo. Ndivyo wanavyofanya wanaotaka ufa uonekane.

#61 Randa Mpya
Na vitambaa vya mafuta mnaviweka wapi? Nimesoma vinaungua vyenyewe, nikadhani ni hadithi.

#62 Nyundo Kimya
Siyo hadithi. Mafuta ya kitani yakikauka yanachukua oksijeni na kutoa joto. Kitambaa kilichofinyangwa kinafungia joto hilo. Mimi nilitupa kimoja kwenye ndoo ya maranda saa kumi jioni, saa mbili usiku jirani akagonga mlango. Karakana ilibaki, ndoo na meza ya kazi hazikubaki. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na ufunike.

#63 Kisiki Mkavu (mleta uzi)
La mwisho kwa leo. Mteja hataki ufa uzibwe, anasema wageni wanauuliza kuliko meza yenyewe. Anataka na benchi.

Ila wakati nalegeza skrubu nilimulika tochi ndani ya ufa. Lile tundu jeusi la #15 halikuwa tundu. Msumari ulikatikia ndani, kichwa kimeondoka, mwili umebaki wima, na ufa umepita sawasawa ubavuni mwake. Randa iliupita juu kwa unene wa kucha, sijui visu vyangu viliponaje.

#64 Bungua Mstaafu
Nilisema kwenye #14.

#65 Tezo la Babu
Msumari umekaa humo miaka 80, Bungua. Mbona haukupasua ubao miaka yote hiyo?

#66 Kisiki Mkavu
Mzee, hilo ndilo swali nililokuja nalo.